Kabla ya Kumhamisha
Mhadhara kwa wazazi na walimu, Kisumu



Wengi wenu mmewahi kuambiwa maneno haya: "Mama, huyu mtoto wako ametushinda." Husemwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mtoto mwenyewe akiwa amesimama pale pale anasikia. Jibu la mzazi nalo huwa lile lile: "Nisaidie tu, mwalimu." Kuanzia hapo mambo hufuatana. Mtoto atachapwa. Asipobadilika, atarudishwa nyumbani wiki moja au mbili. Akirudi yuko vile vile, mzazi ataambiwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Basi atatolewa Manyatta apelekwe Nyalenda, atolewe Nyalenda apelekwe Obunga, na mwisho atapandishwa matatu kwenda kwa dani, yaani nyanya yake, Asembo au Seme, akakae ushago labda atatulia.

Nina neno moja tu juu ya safari hiyo. Mtoto mwenye shida kubwa za tabia na hisia anahitaji watu wazima wanaoijua historia yake, na kila anapohamishwa historia hiyo hubaki nyuma. Shule mpya hupokea jina, namba ya usajili na sifa mbaya. Haipokei habari za mtoto. Kwa hiyo kabla hujamhamisha, mfahamu, unachokifahamu kiandike, na ulichokiandika kipeleke shuleni kisomwe.

Tunamzungumzia nani

Watoto watundu wapo na watakuwepo. Mtoto mtundu huiba maembe ya jirani, huchelewa paredi, hujibu ovyo, akishakemewa huenda akacheka na wenzake. Huyo si wa leo. Wa leo ni yule ambaye hasira humpanda kwa jambo dogo na haimshuki mpaka aumize mtu au ajiumize mwenyewe. Anauma wenzake, anarusha viti, anatoroka darasani, hana rafiki hata mmoja. Ana mwenzake ambaye hatumwoni: yule aliyenyamaza tangu muhula wa kwanza, hainui mkono, hachezi, analala juu ya dawati. Huyo mzazi wake haitwi shuleni, kwa kuwa hasumbui mtu. Naye yumo katika mazungumzo haya.

Tuwatofautishe vipi na watundu wa kawaida? Jiulize maswali matatu. Je, hali hii imeendelea kwa miezi, au ilianza juzi? Je, hutokea nyumbani, shuleni na kanisani, au ni mahali pamoja tu? Na je, inamzuia kusoma, kulala, kula au kuishi na watu? Majibu yakiwa mazito, acheni kuzungumza juu ya adabu, anzeni kuzungumza juu ya msaada.

Serikali yenyewe inalijua jambo hili. Sera ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 iliwataja watoto wenye matatizo ya hisia na tabia pamoja na wasiosikia, wasioona na wenye ulemavu wa viungo. Lakini tazameni hali ilivyo huku kwetu. Mtoto asiyesikia ana shule Maseno. Mwenye ulemavu wa viungo ana Joyland, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu hapa hapa Kisumu. Huyu wetu ulemavu wake hauna gongo wala kifaa cha masikio, na kile kinachoonekana kwake kinafanana sana na utovu wa adabu. Ndiyo maana mzazi wake hapewi pole. Hupewa methali. Huambiwa samaki mkunje angali mbichi, huambiwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama anayeambiwa hivyo kila wiki huanza kuamini kwamba yeye ndiye ugonjwa.

Yaliyo nyuma ya tabia

Tabia haitoki hewani, na kwenye mwambao huu wa ziwa zipo sababu ambazo mtu wa Nairobi huenda asizifikirie.

Ya kwanza ni malaria. Sisi tunaishi katika ukanda wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya, na ndiyo sababu chanjo ya kwanza ya malaria nchini ilizinduliwa kaunti ya Homa Bay mnamo Septemba 2019. Tunahesabu wanaokufa; wanaopona tunawasahau. Watafiti waliowafuatilia watoto waliougua malaria ya ubongo jijini Kampala walichapisha matokeo yao mwaka 2008: miaka miwili baada ya kupona, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, hasa katika umakini. Mtoto aliyepata degedege akiwa na miaka mitatu, akapoteza fahamu, akaruhusiwa kwenda nyumbani, anaweza kufika gredi ya nne akiwa hawezi kukaa kitini dakika tano. Mwalimu wake hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ya pili ni kifafa kisichoangusha. Mtoto hukodoa macho sekunde chache, hasikii akiitwa, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali hiyo ikirudia mara nyingi kwa siku, huitwa kiburi. Ya tatu ni masikio. Mtoto aliyetokwa usaha masikioni tangu utotoni hukosa nusu ya maagizo ya mwalimu, na ile nusu anayokosa ndiyo anayochapiwa.

Kisha yapo majonzi. Mkoa wa zamani wa Nyanza ulipigwa na UKIMWI kuliko mahali pengine popote nchini, na madawati yetu yamejaa watoto wanaolelewa na nyanya zao. Baadhi yao wanameza dawa kila siku na hawajaambiwa ni za nini. Mtoto si mjinga. Anajua kuna siri, anajua siri yenyewe inamhusu yeye, na hana wa kumuuliza.

Yapo pia yale tuliyoyaona mjini humu. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumba kwa nyumba usiku mitaani kwetu. Huko Nyalenda mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa rungu nyumbani kwao, akafariki siku chache baadaye. Watoto wa nyumba za jirani waliosikia vilio vya usiku ule wako sekondari leo. Mlango ukigongwa kwa nguvu wakashtuka na kupiga kelele, tusiwaulize wamekuwaje. Na likitokea badiliko la ghafla kwa mtoto aliyekuwa mtulivu, anaogopa mtu fulani, anakojoa kitandani wakati alishaacha, fikirini pia kwamba huenda amenajisiwa. Ni neno gumu kulitamka, lakini kutolitamka humlinda mkosaji.

Kuna jamaa watakaosema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Siwakejeli. Wazee walipotaja chira walikuwa wanauliza ni jambo gani limeharibika katika boma hili, na swali lao lina maana hata leo. Ulizeni, jadilianeni, ombeni kama ni watu wa kuomba. Ila msiache majibu yaishie kwa mganga wakati mtoto hajapimwa masikio.

Fimbo

Sheria imeshasema. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hayo mnayajua, na bado fimbo zipo, tena mara nyingi wazazi wenyewe ndio wanaosema, "Mwalimu, mchape, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo mzazi hana. Huwezi kutoa kibali cha jambo ambalo sheria imelikataza.

Tuiweke sheria kando, tuangalie faida. Mtoto mtundu akichapwa hupima: raha niliyoipata na maumivu haya, lipi zito? Mtoto wetu hapimi. Wakati anaporusha kiti, ile sehemu ya kupima imeshazimika. Fimbo humkuta akiwa tayari amejaa hofu, ikamwongezea hofu. Kwa aliyezoea kupigwa nyumbani ni siku ya kawaida tu.

Walimu huniuliza: tukiacha fimbo, watoto mia moja tutawatuliza kwa nini? Wajaluo wenzangu, vukeni mpaka. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi kubadilisha namna walimu, wanafunzi na wakuu wa shule wanavyoishi pamoja: kanuni zilizotungwa na wote, sifa kwa anayefanya vyema, na adhabu zisizogusa mwili. Utafiti ulifanywa katika shule 42, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizopata mafunzo, asilimia 31 ya wanafunzi walisema walipigwa na wafanyakazi wa shule wiki iliyotangulia. Katika shule nyingine ilikuwa asilimia 49. Hawakuimaliza fimbo. Waliipunguza sana, wakiwa na madarasa yaliyojaa na mishahara midogo kama yetu.

Daftari

Nifike sasa kwenye kazi yenyewe, nikichukua habari za mtoto mmoja. Nimembadilisha vya kutosha asitambulike. Mvulana, miaka kumi na mmoja, gredi ya nne, shule ya nne. Mama yake anauza omena. Alfajiri huondoka kwenda ufuoni Dunga, watoto wanajiandaa wenyewe. Shuleni anajulikana kama jambazi mdogo. Mama alishachoka kuitwa. Alipewa kazi ndogo: anunue daftari la kurasa 48, achore mistari, apate safu tatu. Ya kwanza: lini na wapi. Ya pili: kabla yake kulikuwa na nini. Ya tatu: alifanya nini, na watu wazima wakafanya nini baadaye. Mwalimu wa darasa alikubali kumtumia ujumbe mfupi kwa simu kila jioni. Mama akawa ananakili.

Ukurasa mmoja ulikuwa hivi. Jumanne, saa tatu asubuhi, darasani. Kabla: mwalimu alisema kila mmoja atasoma aya moja kwa sauti. Akampiga jirani kwa rula, akapindua dawati. Akatolewa nje, akapiga magoti hadi mapumziko. Alhamisi, saa tatu na nusu, darasani. Kabla: kusoma kwa zamu, wamebaki wawili kabla yake. Akamtukana mwalimu, akarudishwa nyumbani. Ijumaa, foleni ya chakula. Kabla: alisukumwa. Hakufanya kitu, alimgawia mwenzake maharagwe.

Someni tena. Kwenye foleni, mahali ambapo kila mtu angetarajia vita, alivumilia. Darasani alilipuka pale zamu yake ya kusoma ilipokaribia. Alikuwa hajui kusoma. Kila shule iliyompokea ilidhani ile iliyotangulia ilimfundisha. Kupiga magoti juani kulikuwa afadhali kuliko kuchekwa na darasa zima, na kila alipotolewa nje shule ilikuwa inampa kile hasa alichokitaka. Mama naye alipoulizwa habari za utotoni alieleza jinsi alivyolazwa na degedege akiwa na miaka mitatu, siku nyingi bila fahamu. Katika shule zote nne, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kilichofuata hakikuwa muujiza. Mwalimu aliacha kumtaka asome mbele ya wote, akawa anamsomesha peke yake dakika chache wakati wa mapumziko. Mtoto alipewa ishara: akiona moto unapanda, anaweka kalamu sikioni, anaruhusiwa kwenda kuchota maji. Kila asubuhi anaripoti kwa mwalimu mmoja, yule yule, anayemuuliza amekula nini. Alipelekwa kupimwa. Vurugu hazikwisha, zilipungua. Amebaki katika shule hiyo, na kwa mtoto huyu kubaki ni mengi.

Yapo mambo ambayo daftari litawaonyesha na hayapendezi. Litawaonyesha kwamba vurugu huzidi baada ya wikendi ambayo baba alirudi amelewa. Litawaonyesha kwamba huzidi kati ya Aprili na Julai, miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa na nyumbani hakuna pesa. Yaandikeni hivyo hivyo.

Pa kwenda

Mkiwa na daftari, nendeni mahali kadhaa. Kwanza hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969, ina huduma za afya ya akili. Ombeni masikio na macho yapimwe kabla ya yote, elezeni habari za degedege na malaria, na msione haya kuonekana mkielekea upande wa akili.

Pili, kituo cha tathmini ya elimu. Huduma hizi zilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, huwafunza walimu wa kazi hiyo. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itawaelekeza. Pale mtoto hupimwa anavyojifunza, na ripoti hutolewa inayosema anahitaji nini. Ripoti hiyo ina uzito ambao maneno ya mama peke yake hayana, ingawa haipaswi kuwa hivyo.

Tatu, mkishuku mtoto anadhulumiwa, nendeni kwa afisa wa watoto, au pigeni simu 116, ambayo hailipishwi.

Baba mko wapi? Katika vikao kama hiki naona leso nyingi kuliko kofia. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kumwambia mke "mtoto wako amefanya nini tena" si kutimiza wajibu. Njoo shuleni siku moja ambayo hujaitwa.

Na nyumbani? Fanyeni machache, lakini yasibadilike: saa ya kulala, saa ya kula, mtu wa kuzungumza naye. Wakati amelipuka msihubiri. Ondoeni watoto wadogo, ondoeni panga na kisu, subirini. Maneno yaje baadaye, akiwa ameshakula. Zamani siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walikusanyika jioni kwa hadithi, iliwapa watoto mtu mzima asiye na haraka. Maboma mengi hayana siwindhe tena, lakini nusu saa ya bibi kila jioni bado inawezekana. Ndiyo maana simpingi dani. Ninachopinga ni kumpelekea mtoto bila habari zake, kana kwamba uzee wa dani ni dawa.

Sheria inavyosema juu ya kufukuza

Namalizia kwa kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Elimu ya Msingi. Kinasema mwanafunzi hatarudishwa darasa wala kufukuzwa shule. Kinaruhusu kanuni za kumwondoa mwanafunzi aliyeshindikana, lakini kwa masharti: hatua nyingine zote ziwe zimejaribiwa, mtoto na mzazi wawe wamesikilizwa, na akiondolewa apokewe katika taasisi inayorekebisha tabia huku ikimsomesha. Kwenye sharti la mwisho ndipo serikali inapodaiwa. Shule za urekebishaji kama za Kakamega na Kericho hufikiwa kwa njia ya mahakama. Mtoto wa gredi ya nne ambaye hajavunja sheria yoyote hana mlango wa kuingilia, na hatupaswi kungoja avunje sheria ndipo aupate. Kaunti yenye watoto wengi hivi inahitaji walimu waliosomea shida hizi ndani ya shule za kawaida, na wabunge wetu wa mwambao huu waulizwe hivyo hadharani.

Wakati tunadai hayo, halmashauri za shule zinaweza kuamua jambo moja muhula huu bila kungoja Nairobi: mtoto asihame bila maelezo ya kurasa mbili yaliyoandikwa na mwalimu wa darasa pamoja na mzazi, yanayosema aliugua nini, anaweza nini, hulipuka lini, na nini kilimsaidia. Shule inayompokea iyadai kama inavyodai cheti cha kuzaliwa.

Nanyi wazazi, siku mtakapopewa barua ya kumwondoa mtoto, msitie saini ofisini pale pale. Ombeni tarehe ya kikao. Sheria imewapa haki ya kusikilizwa. Nendeni na daftari, muwe na la kusema.